Mashine Isiyouliza Tarehe

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu, mwaka tisini na nane. Saa tisa mchana ilikuwa imepita kidogo. Zubeda Faraji alichana karatasi kwenye printa ya bohari ya dawa ya Mkuza, pale Chang'ombe, akasoma juu panapoandikwa siku: tarehe moja Januari, tisini na nne.

Akasoma tena. Akatoka nje ya chumba cha kompyuta, akaitazama kalenda ya ukutani kama mtu anayetafuta shahidi. Kalenda ilisema Machi. Na mvua ya El Nino iliyokuwa inapiga bati la bohari ilikuwa ya mwaka huu, si ya mwaka mwingine. Akarudi kwenye kiti.

Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwa umekatika Temeke nzima. Asubuhi Zubeda aliiwasha mashine mwenyewe, ikanguruma, ikafungua kazi zote kama kawaida. Haikumuuliza kitu. Na kosa lilikuwa hapo hapo, kwamba haikumuuliza.

Mpaka Desemba bohari ilikuwa na kompyuta nne kuukuu, kila moja na kazi yake: mapokezi, rafu, utoaji wa mzigo, mishahara. Zile betri zake za ndani, ndogo kama kifungo cha koti, zilikuwa zimekufa zamani, na maombi ya kununua nyingine yalikuwa yamelala kwenye meza za wakubwa mpaka yakafanya ukungu. Kwa hiyo kila zilipowashwa zilikuwa hazijui ni siku gani. Zilimuuliza karani, na karani akaandika tarehe kwa mkono wake. Makarani walinung'unika miaka yote hiyo. Hakuna aliyejua kwamba swali lile ndilo lililokuwa bawabu.

Sasa kulikuwa na mashine moja tu, na ndani yake mashine nne za kujifanya. Mfumo wake ulikuwa wa bure, unaitwa Linux, umeletwa na kijana aliyesoma nje. Kila kazi ilidhani ina kompyuta yake, kumbe zote zinakaa kwenye chuma kimoja. Fransis, mtunza stoo, aliziita wapangaji. Nyumba moja, vyumba vinne, kila mtu na kufuli lake, choo cha pamoja. Mpangaji akitaka kujua saa, anamuuliza mwenye nyumba. Na mwenye nyumba asubuhi ile alikuwa ameamka akiwa mwaka tisini na nne.

Zubeda alikimbilia stoo. Fransis alikuwa ameketi juu ya kreti, anakula muhogo wa kuchoma.

"Fransis, asubuhi mmetoa nini?"

"Kilichoandikwa. Kwani leo ndiyo unanikagua, bibi mkubwa?"

"Nipe nakala za hati. Zote."

Alizipekua akiwa amesimama. Vidonge, chumvi ya kutibu kuharisha, glavu. Ya tano ikamshika. Sindano za wazazi, zile za kukaza kizazi na kuzuia damu mwanamke akishajifungua. Katoni sita, rafu ya kumi na nne. Mwisho wa matumizi, Agosti tisini na saba.

"Rafu ya kumi na nne si ndiyo ya kuchomwa moto?"

"Ndiyo."

"Sasa ukatoaje?"

Fransis aliacha kutafuna. "Karatasi imesema kumi na nne. Mie nibishane na karatasi? Juzi nilibisha nikaambiwa, wewe Fransis umesoma mpaka la ngapi?"

Dawa zile zilitakiwa ziwe zimeshakuwa majivu tangu Oktoba. Lakini kuchoma dawa kulitaka saini za wakubwa watatu, na karatasi ilikuwa bado inazunguka, mmoja yuko semina Arusha, mwingine hana nafasi, wa tatu hataki kuwa wa kwanza. Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa inazizuia, maana ilijua zimeisha muda. Na bohari ina kanuni yake: kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Mashine ilipoamini kwamba ni tisini na nne, zile za zamani zikawa nzima, na kwa kuwa ni za zamani, zikapewa zamu ya kwanza.

"Zimekwenda wapi?"

"Kilungwe, hospitali. Lori limeondoka saa sita." Fransis alifuta mikono kwenye suruali. "Barabara ikikubali, keshokutwa alfajiri ziko kule. Zubeda, hizo sindano zikiisha muda zinakuwa sumu?"

"Zinakuwa maji," alisema Zubeda. "Mtu anatoka damu, wewe unamchoma maji."

*

Meneja wa bohari, Bwana Adelard, alimsikiliza bila kumkaribisha kiti. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, na kwenye simu yake ya mezani alikuwa ametia kufuli dogo ili wadogo wasipige.

"Umemwambia nani?"

"Fransis anajua."

"Basi mwishie hapo. Keshokutwa mwekezaji anakuja kukagua, na nyie mnataka kunivua nguo barabarani." Aliichukua ile karatasi ya tisini na nne, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Nitapiga simu Kilungwe mwenyewe. Rekebisha hiyo tarehe, urudi nyumbani."

Mkubwa akikwambia nitalishughulikia, anza kutafuta sanda ya hilo jambo. Lakini Zubeda alikuwa na miaka ishirini na saba, na hofu yake ilitaka pa kujishika. Akashukuru. Akarekebisha tarehe kwa mkono, akaenda zake Tandale.

Nyumbani walikuwa watatu, wamepanga vyumba viwili nyuma ya soko. Zubeda mwenyewe, baba yake, Mzee Faraji, mgane, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda mpaka kiwanda kilipouzwa na walinzi wakaambiwa asanteni, na Hamisa, mke wa kaka yake, ambaye mumewe alikwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani akaacha barua mbili na mimba. Mimba sasa ilikuwa ya miezi minane na siku. Uani maji ya mvua yalikuwa yamefika kwenye ngazi, na Hamisa alikuwa amepandisha jiko juu ya matofali manne anakaanga vitumbua.

"Wifi, umeona jini?" alisema. "Uso wako umekuwa kama wa mdaiwa."

"Nimechoka tu."

"Shika kitumbua. Ujue huyu mtoto wa kaka yako ananipiga mateke kama anadai kodi."

Zubeda alikishika kitumbua mpaka kikapoa. Macho yake yalikuwa kwenye tumbo la wifi yake, na hakuweza kuyatoa.

*

Alhamisi asubuhi aliitwa kwa meneja. Audax alikuwa amekwishafika, yule kijana wa mfumo wa bure, shati jeupe, viatu vina tope la Tegeta anakojenga. Mezani kulikuwa na ripoti ya Zubeda ya Novemba, na kando yake karatasi nyingine mpya, imechapwa vizuri, ina nafasi ya saini.

"Hii ni kazi yako?" Adelard aligusa ripoti kwa ncha ya kalamu.

"Ndiyo, bosi."

Ilikuwa kazi yake kweli, na aliifanya kwa moyo. Wiki tatu nzima alikaa na kompyuta mbili mpya za kuazima, moja ina mfumo wa kununua kwa dola, nyingine ina wa Audax. Alizichomolea umeme mara ishirini kila moja, makusudi, maana alijua anaishi mji gani. Ule wa dola ulipoteza kurasa mbili za rafu. Wa bure ulijikagua robo saa nzima, ukarudi na kila kitu. Aliwakalisha makarani wanne wabonyeze vitufe kwa pamoja. Aliandika pia mabaya yake: ule wa dola una mtu Nairobi wa kupigiwa simu, wa bure una Audax tu. Akamuuliza Audax, na wewe ukigongwa na gari? Audax akajibu kwamba matumbo ya mfumo yako wazi, kijana yeyote anayejua kusoma ataufungua, wakati ule mwingine umeshonwa, na mwenye uzi yuko Ulaya. Zubeda akalipima jibu hilo siku mbili, akaliandika. Mwishoni akaweka saini yake: unafaa kwa kazi halisi ya bohari.

"Soma faida ya sita," alisema Adelard. "Kwa sauti."

Zubeda aliinamisha kichwa. "Karani haulizwi tena tarehe kila asubuhi."

"Faida," alisema Adelard. "Umeiita faida."

Ndiyo, aliiita faida. Alikuwa ameandika tarehe kwa mkono miaka mitano, na siku mashine ilipoacha kumuuliza alifurahi kama mtoto aliyefutiwa adhabu.

"Bosi, zile za majaribio zilikuwa mpya," alisema. "Betri zake nzima. Baadaye ikanunuliwa hii ya mtumba ya Dubai, sie hatukuulizwa. Betri yake ilikuwa imechoka, sasa imekufa. Umeme ukikatika inasahau."

"Sasa unamfundisha nani?"

"Anasema kweli, mheshimiwa," Audax aliingilia. "Saa ni ya chuma, siyo ya mfumo. Hata ule wa dola ungeuweka pale, ungeamka tisini na nne vilevile. Ni betri ya elfu mbili."

"Sikuulizi bei." Adelard alisukuma ile karatasi mpya mbele ya Zubeda. "Hapa tunasema kwamba baada ya kutumia miezi mitatu, tumeona mfumo wa bure haufai. Tunapendekeza ule wa kununua. Weka saini, tarehe ya mwezi uliopita. Utabaki na kazi yako, tutayasahau yote haya."

Wakala wa ule wa kununua alikuwa amekuja Krismasi na kreti mbili za vinywaji kwa meneja. Bohari nzima iliona, hata wafagizi.

"Zubeda, usitie saini uongo," alisema Audax. "Ukiandika hivyo, nchi hii hakuna ofisi itakayougusa tena. Watasema ulijaribiwa Mkuza ukafeli. Haukufeli. Umeendesha siku tisini bila kuanguka."

"Bure haina mwenyewe," alisema Adelard. "Likiharibika nimshitaki nani?"

"Na ule wa dola ukiharibika utamshitaki nani, mheshimiwa? Umesoma yale maandishi madogo? Wanasema hawahusiki na lolote."

"Kampuni kubwa haiendeshwi kwa msaada wa vijana wasiojulikana."

"Vyuo vikubwa huko nje vinauendesha."

Wakabishana hivyo, mmoja kwa kalamu, mwingine kwa kidole. Waliongea kuhusu mfumo imara na mfumo dhaifu, gharama na heshima, nani atacheka na nani atachekwa. Robo saa ikapita. Zubeda alikuwa amesimama katikati yao kama nguzo ya hema, anasubiri mmoja wao aseme neno Kilungwe. Hakuna aliyelisema.

"Bosi," alisema mwishowe, "simu ya Kilungwe walisemaje?"

Audax alishusha kidole.

"Laini mbovu," alisema Adelard. "Mvua."

"Ulipiga saa ngapi?"

Hilo swali mdogo hamuulizi mkubwa. Adelard aliweka kalamu chini polepole. "Sikia, binti. Hakuna mzigo mbovu uliotoka hapa. Hati ya bohari ina tarehe ya tisini na nne, maana yake hiyo hati ni batili, maana yake haipo. Ukipiga simu wewe, basi ipo, na jina litakaloandikwa kule ni lako. Polisi wakija watauliza, nani alisema hii mashine inafaa? Nitawapa karatasi yako. Mimi sina saini pale." Akanyoosha mkono. "Funguo za chumba cha kompyuta. Na lile daftari lako la majaribio."

"Daftari liko nyumbani."

"Benedicta!" aliita. Katibu wake akaingia. "Mwangalie mkoba."

Benedicta alikuwa mama mtu mzima, anasali kanisa moja na meneja. Alimwaga mkoba wa Zubeda juu ya meza ya mapokezi, mbele ya madereva: kitana, kitambaa, nusu kitumbua kwenye gazeti, na pedi mbili ambazo dereva mmoja alizitazama halafu akatazama dari. Daftari halikuwemo.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona akimrudishia vitu. "Nenda nyumbani. Amesema ufikirie mpaka kesho saa nne, kabla mwekezaji hajafika."

Nje, Audax alimkimbilia kwenye mvua. "Usitie saini, tafadhali. Mie nitakutetea."

"Audax," alisema Zubeda, "katoni sita zina sindano ngapi?"

Kijana akababaika. "Sijui. Mie ni mtu wa mifumo."

"Mia sita," alisema Zubeda, akaenda zake.

*

Mchana huo aliwaambia nyumbani. Aliwaambia yote, ameketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake, maji yananong'ona chini ya mlango. Mzee Faraji alisikiliza huku anashona kandambili kwa waya.

"Shikilia hapo hapo," alisema binti yake alipomaliza. "Ulitaka kupiga simu wewe? Kwa cheo gani?"

"Baba, yeye hakupiga."

"Basi dhambi ni yake. Wao ndio wenye mishahara ya dhambi kubwa. Wewe mshahara wako ni wa dhambi ndogo ndogo." Alivuta waya kwa meno. "Nimewalindia lango miaka kumi na tisa, nawajua. Siku mali imeibiwa waliulizwa walinzi, siku kiwanda kimeuzwa hawakuulizwa walinzi. Ukipiga simu watakufunga wewe. Mie nitakula nini? Huyu atajifungua na nini?"

Huyu alikuwa Hamisa, amesimama mlangoni na mwiko. Alikuwa amesikia kila kitu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Baba," alisema, "mie wiki tatu zijazo nakwenda kujifungua. Watanichoma sindano. Hiyo sindano nitajuaje imepita kwenye mashine ya nani?"

"Ya kwako itakuwa nzima."

"Nani kasema?"

Mzee alivuta waya, ukakatika. Kandambili ilimwanguka, hakuiokota.

"Tia saini, mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa si ya ubishi tena, ilikuwa ya kuomba. "Mie naogopa. Nakwambia kweli, naogopa."

"Na mie naogopa, baba. Nimeogopa tangu jana. Ile faida ya sita niliandika mie. Hakunishika mkono mtu. Nikisema wakubwa, wakubwa, ni kweli, hawakununua betri, hawakuchoma dawa. Lakini swali la tarehe niliona kero, nikaandika faida."

"Hukujua."

"Kule Kilungwe nako hawajui."

Hamisa aliketi kwenye kizingiti, tumbo kati ya magoti. Mvua ikazidi. Halafu Mzee Faraji akaanza kuongea akitazama ukuta, kama vile ukuta ndio ulioulizwa.

"Siku mama yenu anatoka damu ya uzazi, walisema sindano hakuna. Wakaniandikia, nenda duka la nje. Nikakimbia. Niliinunua, nikakimbia nayo mkononi, nimeishika hivi, isipate joto." Alifumba ngumi, akaifumbua. "Nilipofika nesi aliitazama, akaitazama tena karibu na taa. Akasema, mzee, hii ilikwisha mwaka juzi. Nikamwambia mchome hivyohivyo."

Zubeda hakuwahi kulisikia hilo. Miaka tisa baba yake alikuwa amewaambia kwamba alichelewa njiani.

"Akamchoma?" aliuliza Hamisa.

"Akamchoma," alisema Mzee Faraji.

*

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, walikuwa wa kwanza kwenye duka la simu la Mpemba mmoja, Magomeni. Walikuja wote watatu. Hamisa alikataa kubaki, akaleta fedha za vitumbua zimefungwa kwenye pindo la khanga. Zubeda alikuwa na daftari la majaribio kwapani, kwenye mfuko wa nailoni. Mpemba aliweka saa yake ya mkononi juu ya kaunta.

"Mikoani? Dakika tatu tatu. Laini ikikatika yenyewe, hiyo bahati yenu, si yangu."

"Mie nizungumze," alisema Mzee Faraji. "Mie mzee, watanifanya nini? Nitasema nimesikia tu."

"Wataamini mtu aliyesikia tu?"

Mzee akarudi nyuma hatua moja.

Opareta alijibu, akaombwa Kilungwe namba saba, akasema subirini. Ilikoroma, ikakata. Ikaombwa tena. Mpemba akageuza saa yake. Mara ya tatu ikaita, mbali sana, kama kengele iliyo ndani ya pipa, na mwanamke akapokea.

"Hospitali."

"Shikamoo. Naongea toka Dar es Salaam, bohari ya Mkuza. Naongea na nani?"

"Marahaba. Sista Auleria, wadi ya wazazi. Mkuza? Mungu awabariki. Mzigo wenu umefika alfajiri, lori limesukumwa na watu mpaka hapa. Tulikuwa tumebakiza vichupa viwili tu, nimepiga magoti."

Zubeda alishika ukingo wa kaunta. "Sista, zile katoni sita za sindano za wazazi msizitumie. Zimeisha muda. Soma ubavuni mwa katoni, chini, maandishi madogo. Agosti tisini na saba. Zimetoka kwa makosa."

Kule upande wa pili kukawa na mvua tu.

"Nani anaongea?" Sauti ilikuwa imebadilika. "Jina. Simu za namna hii naziandika kwenye kitabu."

Zubeda alimtazama baba yake. Mzee Faraji alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wote, kama mtu anayezuia kikohozi msikitini. Saa ya Mpemba ilikuwa inakwenda. Kule Chang'ombe walikuwa wanafagia ngazi kwa ajili ya mwekezaji, na karatasi ya kusaini ilikuwa inamsubiri mezani mpaka saa nne.

"Zubeda Faraji."

"Cheo?"

"Mwendesha kompyuta. Mie ndiye niliyesema mashine inafaa. Andika na hilo."

"Meneja wako anajua kwamba unapiga?"

"Hapana, sista."

Kalamu ilisikika ikikwaruza. Halafu ikasimama katikati ya neno.

"Ngoja," alisema Sista Auleria. "Ngoja kwanza. Kuna mama amejifungua saa kumi na mbili. Damu ilikuwa nyingi. Mwenzangu wa zamu amemchoma, mie nilikuwa napokea mzigo."

"Amemchoma ya wapi?" Zubeda aliinuka kwenye vidole. "Sista, amechukua kwenye vile vichupa viwili, au amefungua katoni?"

Simu iliwekwa juu ya mbao. Zikasikika kandambili zikikimbia kwenye sakafu, zikapungua, zikaisha. Mlango ukagonga.

Hamisa alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mikono miwili imeshika tumbo kwa chini. Midomo ilikuwa inakwenda bila sauti. Mpemba alinyoosha mkono kuchukua saa yake, na Mzee Faraji, ambaye hakuwahi kumshika mtu asiyemjua, akamshika kifundo cha mkono.

"Usikate," alisema. Akafungua pindo la khanga ya mkwewe, akamwaga sarafu zote kwenye kaunta, nyingine zikaviringika zikaanguka. "Zote hizo. Usikate."

Dakika ikapita. Opareta akaingia katikati ya laini, sauti ya usingizi. "Dar, mmemaliza na Kilungwe?"

"Bado," alisema Zubeda. "Nimeuliza, nasubiri."

Opareta akajitoa. Ikabaki mvua ya Kilungwe kwenye sikio moja, mvua ya Magomeni kwenye jingine. Kule mbali mtoto mchanga alianza kulia, akalia peke yake, na hakusikika mtu wa kumbembeleza. Zubeda aliukaza mkono wa simu mpaka sikio likamuuma, akalirudia swali taratibu, akikiuliza chumba ambacho hakikuwa na mtu:

"Sista, ni ya vile vichupa viwili, au ya katoni?"